Fumua, Mwalimu

Kikapu changu cha kwanza hakikukubali kukaa. Ukikiweka mezani kinalalia kushoto, kama mtu anayetega sikio kusikiliza ugomvi wa jirani. Nilikisuka kwa wiki tatu hapa Nakivale, kwenye kibaraza cha mama mmoja Mrundi mwenye miaka 71, asiye na subira na mwanafunzi mzembe. Mimi nina miaka 64. Nilifundisha hesabu Uvira, Kongo, miaka ishirini na ushee, na katika maisha yangu yote sikuwahi kuambiwa neno moja mara nyingi kiasi kile: fumua. Nikikosea mzunguko, fumua. Nikivuta uzi kwa hasira, fumua. Siku niliyodhani nimemaliza alikishika, akakizungusha mara moja mbele ya macho yake, akanirudishia. "Mwalimu, fumua mpaka kwenye kitako."

Wanaume wenzangu waliokuwa wakipita walikuwa na lao. "Mwalimu, ile ni kazi ya bamama!" Mmoja alisimama, akaniuliza kwa huruma ya kweli kama kuna ugonjwa ninaouficha. Vijana hawakucheka. Wao walitaka kujua mradi huo ni wa shirika gani na posho ni shilingi ngapi kwa siku. Nilipowaambia hakuna shirika na hakuna posho, walitazamana, wakaondoka wakiwa na hakika kwamba naficha nafasi nisigawane na wenzangu.

Swali la ugonjwa na swali la posho ndiyo yaliyonifanya nichukue kalamu. Kwetu, mzee akianza jambo jipya, ama kuna lililomharibikia kichwani ama kuna hela. Hatuna jina la hali ya tatu, ya mtu mwenye mvi aliyeamka siku moja akataka kujua kikapu kinaanzaje.

Kwa msomaji asiyeijua Nakivale: ni makazi ya wakimbizi wilayani Isingiro, wilaya iliyomegwa kutoka Mbarara mwaka 2005, kusini-magharibi mwa Uganda, si mbali na mpaka wa Tanzania. Yalianza 1958, yakawapokea Wanyarwanda waliokimbia misukosuko ya 1959 na miaka iliyofuata, na hayajafungwa tangu hapo. Yana kanda tatu, yaani Base Camp, Juru na Rubondo, na ziwa lenye jina hilohilo. Leo wanaishi humo watu zaidi ya laki mbili: Wakongomani wengi kuliko wote, Warundi, Wasomali, Wanyarwanda, Waethiopia, Waeritrea na wengine. Sokoni lugha ni Kiswahili. Tena kila mtu na cha kwake, cha Bukavu, cha Bujumbura, cha Mogadishu kilichopitia Nairobi, na biashara inaendelea.

Wazee ni wachache. Katika kila wakimbizi mia moja nchini Uganda, waliotimiza miaka 60 hawafiki watano. Ukisimama njia panda ya Base Camp saa ya shule kutoka, utadhani nchi nzima ina umri wa miaka kumi. Ndiyo maana matangazo yanayobandikwa kwenye mbao yanawatafuta vijana: mafunzo ya ushonaji, ya kompyuta, ya kutengeneza sabuni, ya kunyoa, ya useremala, miaka 18 hadi 35. Silaumu. Kijana asiye na kazi ni hatari kwake na kwa mtaa. Lakini nimesoma mbao hizo kwa miaka mingi, na sisi wazee tunaitwa kwenye karatasi za aina moja tu: orodha za wasiojiweza. Huko tunawekwa pamoja na wagonjwa wa muda mrefu na watoto waliopotezana na wazazi. Uzee umekuwa safu kwenye fomu.

Kuna mwaliko mwingine, nao ni wa heshima, kwa hiyo ni mgumu zaidi kuusema vibaya. Ni pale tunapoitwa kusimulia. Siku ya Wakimbizi Duniani, Juni 20, mzee anawekwa mbele, anapewa kipaza sauti, aeleze mila. Vijana wanamrekodi kwa simu. Mtu lazima atasimama aseme maneno yanayotokana na Amadou Hampâté Bâ wa Mali, aliyoyatoa UNESCO mwaka 1960, yale ya mzee kufariki na maktaba kuungua. Yamerudiwa mno hata yamepata sugu. Mimi ninayaheshimu, kwa kuwa aliyeyasema alikuwa anatetea elimu isiyoandikwa mbele ya watu waliodhani haipo. Ila hebu fikiri mtu anapoishi ndani ya sifa hiyo. Maktaba haina swali lake yenyewe. Maktaba haijifunzi kuogelea. Watu huingia, huchukua kitabu, hutoka, na maktaba inabaki palepale ikingoja moto.

Mama anayenifundisha kusuka amechoka kuwa maktaba. Ameombwa mara nyingi aeleze kikapu kidogo chenye kifuniko kirefu cha ncha, kile cha sherehe, kinamaanisha nini. Anaeleza. Halafu wageni wakiondoka anarudi kwenye jambo linalomkera kweli: namna ya kupata rangi ya zambarau kwenye nyuzi za gunia. Maana vikapu vya hapa havisukwi kama vya kwao Burundi. Nyasi nzuri ziko mbali, katani ina bei, kwa hiyo akina mama hufumua magunia ya plastiki, yale ya mchele na mahindi, uzi mmoja mmoja, wakausokota na kuuzungushia kwenye mabua. Wengine hutumia magome ya migomba, na Isingiro kama hujui ni nchi ya ndizi, vilima vyote ni migomba. Uzi wa gunia unang'aa, haunywi rangi, unateleza mkononi. Mama yangu hakuurithi kwa nyanya yake. Ameujifunzia hapa, akiwa na miaka sitini na kitu, kwa kukosea. Hakuna aliyewahi kumpa kipaza sauti aeleze hilo.

Hapo ndipo ninaposimama. Wazee wetu tunawapa nafasi ya kukumbuka, na hiyo ni nzuri, lakini tunawanyima nafasi ya kuanza. Kuanza kuna aibu ndani yake. Lazima ukosee hadharani, ucheke, ufumue. Kijana akikosea tunasema anajifunza. Mzee akikosea tunanong'ona kwamba umri umeingia kichwani.

Waswahili wenyewe wametupa silaha ya kujipiga nayo: samaki mkunje angali mbichi. Nimeitumia methali hiyo darasani mara elfu, nikiwatisha watoto wa miaka kumi na miwili. Siku moja nikamtolea mama yangu, kwa utani, kujitetea baada ya kufumua mara ya nne. Nilimwambia mimi ni samaki mkavu, sikunjiki tena. Hakuinua kichwa. Mbele yake kulikuwa na beseni la maji, na ndani ya maji mlikuwa na mabua makavu ya tangu kiangazi, yaliyokuwa yakikatika kama vijiti vya kiberiti asubuhi ile. Alitoa moja, akalizungusha kwenye kidole mara mbili, likakaa. Kisha akanipa uruhindu, ile sindano yao nene ya kutobolea, na kazi ikaendelea.

Watu wakitaka mfano wa mzee asiyechoka hutaja Bi Kidude wa Zanzibar, Fatuma binti Baraka, aliyeimba na kupiga msondo hadi karibu na kifo chake Aprili 2013, akiwa na umri ambao hakuna aliyeweza kuuthibitisha. Nampenda, lakini mfano huo haunisaidii. Bi Kidude aliimba tangu usichana. Anatuonyesha mtu asiyeacha, na mimi namtafuta aliyeanza.

Kwa hilo namtaja Rosemary Karuga. Alizaliwa Meru, Kenya, mwaka 1928, akasoma sanaa Makerere mwanzoni mwa miaka ya 1950, hapa hapa Uganda, wakati wanawake kwenye darasa lile walikuwa wa kuhesabu kwa kidole. Kisha akarudi nyumbani, akaolewa, akafundisha shule, akalea. Miongo ikapita. Alikuwa anakaribia 60 aliporudi kwenye sanaa, miaka ya mwisho ya 1980, alipokaribishwa kwenye jumba la sanaa la Paa ya Paa la Nairobi, la Elimo Njau. Rangi za mafuta zilikuwa ghali. Akachukua karatasi za pakiti za unga na za sabuni, akazikata vipande vidogo vidogo, akabandika kwa gundi, na kutoka humo wakatokea kuku, ng'ombe, wanawake wenye mizigo, shamba zima. Baadaye picha zake zilioneshwa Paris. Alifariki 2021, akiwa na miaka zaidi ya 90. Ninachokipenda katika habari hiyo ni pakiti ya unga. Nakivale hatuna rangi za mafuta, ila takataka za vifungashio tunazo za kuezekea nyumba, na zingine ndizo tumeezekea.

Na namtaja Kimani Maruge, ingawa wengi mnamjua. Januari 2004, mwaka mmoja baada ya Kenya kufuta ada ya shule za msingi, mzee huyu wa miaka 84 alikwenda Shule ya Msingi Kapkenduiywo, Eldoret, akiwa na kaptula na soksi, akaomba aandikishwe darasa la kwanza. Picha zake zilizunguka dunia, mwaka uliofuata akapelekwa New York kuzungumza Umoja wa Mataifa. Sehemu hiyo inajulikana. Isiyosemwa sana ni kwamba ghasia za uchaguzi wa mwisho wa 2007 zilimtoa nyumbani, akaishi kwenye hema kambini pamoja na waliopoteza kila kitu, na kutoka kwenye hema hilo aliendelea kwenda shule. Mtu wa karibu miaka 88. Alifariki Agosti 2009 bila kumaliza shule ya msingi, na sijawahi kusikia mtu akisema alishindwa. Nikimfikiria Maruge namwona zaidi kambini kuliko New York, akitafuta daftari asubuhi ndani ya hema lenye tope. Hilo sisi tunalijua lilivyo.

Uganda haikungoja Maruge. Mpango wa kisomo cha watu wazima ulianza hapa 1992, na Nakivale yenyewe madarasa ya watu wazima yaliendeshwa miaka mingi na Baraza la Wakimbizi la Finland. Nimewaona bibi waliotoka kwenye madarasa hayo wakisaini kwa jina pale ambapo awali walichovya kidole gumba kwenye wino. Usidhani ni jambo dogo. Mtu aliyesaini kwa kidole miaka hamsini anapoandika herufi zake saba, mkono hutetemeka, mstari wote nyuma yake unasimama, na karani anajifunza adabu.

Na wenyeji wetu nao wameanza upya bila kuitwa darasani. Wazee wa Kinyankole wa vijiji vya jirani walikuwa na sababu zao za kutokipenda Kiswahili. Kwao kilikuwa lugha ya askari, ya vizuizi barabarani, ya miaka ya sabini. Julai 2022 baraza la mawaziri la Uganda lilipitisha kifundishwe kwa lazima shuleni, lakini wazee hawa hawakungoja serikali. Walikijifunza sokoni, kutoka kwetu, wakiuza matoke. Nimemsikia shwenkuru mmoja, yaani babu, akibishana bei kwa Kiswahili cha Bukavu kitupu, "hapana, ile haitoshe," nikacheka hadi nikakosa chenji yangu. Alikuwa na umri wa kukaa nyumbani akinywa maziwa. Ana lugha mpya kinywani na anaifurahia kama mtoto aliyeota meno.

Sasa niseme kuhusu mti. Kila mtaa hapa una mti wa wazee wa kiume. Chini yake kuna ubao wa mashimo 32 na kete 64, na Waganda wanauita omweso, Wanyarwanda igisoro, sisi tuliopitia upande wa Waswahili tunauita bao, na kanuni zinapogongana ndipo siku inapokuwa tamu. Wasomali wana shax, wanachora ardhini na kugombana kwa heshima. Ni chuo kile. Mtu anahesabu mbele mizunguko mitatu minne kwa kichwa, anakumbuka, anadanganya, anasemwa, anacheka. Lakini tazama vizuri nani hayupo chini ya mti. Bibi hayupo. Bibi wa umri uleule ana wajukuu watatu ambao wazazi wao hawakuvuka mpaka, au walivuka wakaendelea Kampala. Ana kuni, ana dumu la lita ishirini. Tunaposema wazee wapumzike tunawasemea wanaume, na tunaposema wazee wachangamke tunawasahau wanawake, ambao wamechangamka kupita kiasi tangu alfajiri.

Kwa hiyo mahubiri ya mazoezi yananitatiza kidogo. Shirika la Afya Duniani linataka mtu wa miaka 65 na zaidi apate angalau dakika 150 kwa wiki za kutembeza mwili kwa nguvu ya wastani, na angalau siku tatu za wiki afanye mazoezi ya kumsaidia asianguke. Bibi wa Rubondo anazimaliza dakika 150 kabla ya Jumanne. Anachokosa ni mwendo aliouchagua mwenyewe. Huko Kivubuka, Jinja, kina jajja, yaani bibi, wa kijijini wameanza kucheza kriketi, na gauni zao ndefu na miguu peku, wakicheka kila mpira unapowapita. Nao wana mashamba, nao wanabeba maji. Mwili uleule, kazi tofauti kabisa.

Kichwani pia kuna hesabu yake. Mwaka 2024 jopo la wataalamu wa jarida la Lancet lilitaja mambo 14 yanayoweza kurekebishwa, na kukadiria kwamba yakishughulikiwa yote, karibu nusu ya visa vya ugonjwa wa kupoteza kumbukumbu uzeeni, asilimia 45, vingeweza kuzuiwa au kucheleweshwa. Mengine ni ya dawa, kama shinikizo la damu na kisukari. Lakini ndani yake mna upweke, mna kukaa bila kutembea, mna elimu ndogo utotoni, mna masikio yanayofifia na macho yasiyotibiwa. Soma orodha hiyo ukiwa Nakivale na utadhani wametuandikia sisi.

Nikae kwenye macho, kwa sababu ndiyo yaliyonikwamisha. Miezi yote ile nilipofumua, nusu ya makosa haikuwa ya mkono. Sikuona tundu. Nilikuwa nimezoea kuwa mtu asiyesoma herufi ndogo, nikaiita hali hiyo uzee, kama wanavyofanya wengi. Nilipokwenda Mbarara kumtembelea binti yangu nikanunua miwani ya kusomea, namba 2.50. Niliporudi nikamvalisha mwalimu wangu kwa mzaha. Alinyamaza muda mrefu akitazama kazi yake mwenyewe. Kisha akasema, polepole, kwamba ule mstari mwekundu wa kikapu cha juzi umepinda, na kwamba hajui mistari yake imepinda kwa miaka mingapi.

Mwaka 2024 ulichapishwa utafiti kutoka vijijini Bangladesh. Watu wa miaka 35 hadi 65 wenye kazi za mikono, wafumaji na washonaji wakiwamo, nusu yao wakapewa miwani rahisi ya kusomea. Baada ya miezi minane kipato cha waliopewa kilikuwa kimepanda kwa theluthi kuliko cha wenzao. Miwani tu. Mbarara tuna Ruharo, hospitali ya macho inayojulikana kusini-magharibi nzima, na kazi yao kwenye mtoto wa jicho haihitaji sifa yangu. Lakini macho ya kusomea hayahitaji kisu, na hayahitaji safari. Ningekuwa na uwezo wa kuongeza kitu kimoja kwenye kila mafunzo yanayobandikwa kwenye mbao, ningeongeza sanduku la miwani mlangoni, kisha ningefuta namba 35.

Hapa kuna mtu ameshalikunja gazeti kwa hasira. Njaa, anasema. Watu wana njaa na mwalimu anasuka vikapu.

Ana haki. Mwaka 2023 chakula cha wakimbizi nchini Uganda kilianza kugawiwa kwa makundi, maskini zaidi wakipata zaidi, na wengine wakatolewa. Mei 2025 Shirika la Mpango wa Chakula Duniani, kwa kukosa fedha, liliondoa karibu watu milioni moja kwenye orodha. Wazee raia wa Uganda waliofika 80 wana ruzuku ya serikali ya shilingi 25,000 kwa mwezi. Ni ndogo, na mkimbizi hahesabiwi. Kiwanja cha aliyeingia miaka ya karibuni ni mita 30 kwa 30, na Isingiro ina mawe, na mvua yake ina kiburi. Sitamwambia mtu yeyote kwamba kikapu kitajaza sufuria. Wakati mwingine kinauzwa Mbarara, wakati mwingine kinarudi na vumbi.

Lakini ile orodha imezaa jambo jingine ambalo silisikii likisemwa kwenye mikutano. Ikiwa kinachokuweka kwenye chakula ni kuhesabiwa kuwa hujiwezi, basi ni hatari kuonekana unajiweza. Nimesikia bibi wakionyana: usionekane na uruhindu siku wale wa hesabu wakipita. Mzee mmoja, mpiga inanga mzuri, aliacha kupiga mchana. Aliniambia kwa sauti ndogo, mbele ya mwanawe, kwamba muziki wake unaweza kuwanyima watoto unga. Sijui kama hofu hiyo ina msingi kwenye vitabu vya wanaogawa, nadhani haina. Ila hofu haingoji vitabu. Tumefika mahali mtu anaona afadhali aonekane amekufa nusu. Hapo njaa inakula mara mbili, tumboni kwanza, halafu kwenye mikono. Nikiambiwa habari za vikapu zingoje mpaka chakula kitoshe, nauliza mzee wa miaka 75 atangoja mpaka lini, naye tayari ameanza kuficha alichobakiwa nacho.

Na tuache kudai kila kitu kiwe mradi. Hilo ni gonjwa letu sote, wafadhili na wafadhiliwa. Ukisema kikundi cha wazee wanaotaka kuchora, fomu itauliza soko liko wapi. Hakuna soko. Wanataka kuchora. Hata Zimbabwe, mwaka 2006, daktari Dixon Chibanda alipowaweka bibi 14 wa Mbare kwenye mabenchi ya kuwasikiliza watu wenye mzigo moyoni, hakuanza kwa kuuliza watauza nini. Na hadithi hiyo inasimuliwa vibaya, kana kwamba bibi walikuja na busara yao ya Kiafrika na ikatosha. Walifundishwa. Walikaa darasani, wakajifunza njia ya kazi ambayo mama zao hawakuwa nayo, na utafiti uliotolewa miaka kumi baadaye ukaonyesha inafanya kazi. Walikuwa wanafunzi kwanza.

Ningependa kuishia hapo nikiwa mtu mwema, lakini kuna jambo la wiki iliyopita. Nilimuuliza mwalimu wangu nimlipe nini. Pesa hataki, na kikapu changu cha nne, ambacho kinakaa, alikipokea bila kusifu. Nilidhani atataka kujifunza hesabu, au kuandika. Nilishaandaa daftari. Akasema anataka kujifunza baiskeli.

Nilicheka. Nilicheka kwa sauti, kichwa nyuma, kama wale wanaume wa barabarani. Kwao baiskeli ilikuwa ya wanaume. Yeye alipanda nyuma tu, upande, miguu imefungwa na kitenge, tangu siku aliyoolewa. Nikaanza kumweleza habari za nyonga, za mifupa ya miaka 71, za hospitali iliyo mbali. Alingoja nimalize.

"Mwalimu," akasema, "mimi nimeanguka mara nyingi bila baiskeli."

Tumeazima moja kwa kijana anayeuza mikate, tunaipata alasiri akishamaliza mzunguko wake. Tumeshusha kiti mpaka chini. Kilichobaki ni mahali. Uwanja wa mpira una watoto, barabara ina bodaboda, na kwingine kote ni mawe. Kuna kipande cha tambarare upande wa ziwani, kina nyasi fupi, tulikwenda kukiangalia Alhamisi. Kina mteremko kidogo. Yeye anasema mteremko ndio mzuri.